Spicer-Simson, aliyetumwa kuivunja meli ya Kigoma

Sisi wa Nyangezi tukiteremka Ngomo mpaka Kamanyola, halafu Uvira, tunakuta ziwa Tanganyika. Wazee wengi pale wanaijua meli Liemba ya Kigoma. Wachache wanajua kwamba zamani iliitwa Graf von Götzen, kwamba Wajerumani waliifunga mizinga wakaifanya manowari, yaani meli ya vita, na kwamba Mwingereza mmoja alitumwa kutoka London kuja kuivunja, akaiona kwa macho yake, asiiguse. Jina lake Geoffrey Spicer-Simson. Tunasimulia maisha yake leo juu ndani yake mna kazi ya watu wetu, na sisi wa sendika hatupendi kazi ya watu ipotee.

Alizaliwa mwaka 1876 Hobart, kisiwa cha Tasmania, kule Australia. Akiwa na miaka 14 hivi akaingia jeshi la majini la Uingereza. Hakuwa mpiganaji wa sifa. Alikuwa mpimaji: alipima mto Yangtze China, akapima mto Gambia, akachora ramani. Kazi hiyo aliijua. Lakini kupanda cheo, hapana. Mara moja alijaribu njia yake ya kukamata nyambizi kwa kamba ya chuma, nusura azamishe nyambizi ya Waingereza wenyewe. Novemba 1914 meli Niger, iliyokuwa chini ya amri yake, ilipigwa na Wajerumani karibu na mji wa Deal, mchana, yeye akiwa nchi kavu. Wakamtia ofisini, kwenye karatasi.

Huku kwetu vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliipiga Alexandre Delcommune ya Wabelgiji pale Lukuga, Kalemie ya leo. Mwezi uliofuata Wajerumani wakakamata kisiwa cha Idjwi, hapa kwetu Kivu. Mwenye kushika Tanganyika aliweza kuvusha askari popote alipotaka. Na Götzen ilikuwa inakuja: ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa treni. Februari 1915 ikashushwa majini. Urefu wake karibu mita 70.

Mwindaji mmoja, John Lee, ndiye aliyepeleka wazo London: kuleta mashua ndogo za mwendo mkali kupitia Afrika Kusini na Katanga. Lee ndiye pia aliyetangulia kutafuta njia. Baadaye aliondolewa katika msafara, na sifa ikabaki kwa mwingine. Mambo haya tunayajua sana kwenye mashimo: mmoja anaona mshipa wa madini, mwingine anaitwa PDG.

Spicer-Simson akapewa amri, watu 28 na mashua mbili za mbao, kila moja mita 12. Aliomba ziitwe Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa. Akaleta Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa cha kubembeleza ni paka na mbwa vilevile, na wakubwa wakapitisha bila kujua. Kwa Kiswahili lile jina la kwanza lilimfaa mwenyewe kuliko alivyofikiri. Kwake kila kitu kilikuwa mimi, mimi.

Juni 1915 wakaondoka Uingereza. Kutoka Cape Town treni iliwafikisha Elisabethville, Lubumbashi ya leo, halafu Fungurume. Reli ile ilikuwa imefuata shaba. Mbele ya Fungurume hakukuwa na reli mpaka Sankisia, kilomita zaidi ya 230, na katikati milima ya Mitumba, ambayo njia ilipita kwenye kimo cha mita 1,800 hivi. Mashua zilipandishwa kwenye magari, zikavutwa na masini mbili za mvuke, na masini ziliposhindwa, ng'ombe. Na ng'ombe waliposhindwa, watu na kamba.

Ndugu msomaji, simama kidogo hapa. Kabla ya masini kupita, watu walikata miti, wakavunja mawe, wakajenga madaraja kama 150 ya magogo. Masini za mvuke zinakunywa maji, na ulikuwa wakati wa kiangazi. Maji yakaisha. Wakaitwa wanawake wa vijiji kuyabeba mtungi kwa mtungi, kutoka mbali, ili masini izidi kwenda. Wale Waingereza 28 wanajulikana majina, cheo na medali. Wenye kukata miti na wenye kubeba mitungi vitabu vinawaita tu wenyeji.

Tunasema hivi bila kumchukia mtu. Katika shimo moja tulilolifuatilia, ardhi ilipofunika watu, daftari lilikuwa na kilo za kila siku lakini halikuwa na majina ya wapagazi. Tulizunguka nyumba kwa nyumba kuuliza nani hakurudi. Ndiyo maana habari ya Fungurume inatuuma kama ya jana.

Mwisho wa Septemba wakafika Sankisia. Kisha treni fupi mpaka Bukama, mto Lualaba, Kabalo, na treni tena mpaka ziwani mwishoni mwa Oktoba. Spicer-Simson alivaa sketi mbele ya wote, akaonyesha mwili wake wenye chale za nyoka na vipepeo, na kuwachekesha askari wa Kibelgiji. Wakacheka mpaka tarehe 26 Desemba 1915. Siku hiyo Mimi na Toutou ziliifukuza meli ndogo ya Kijerumani Kingani, zikaikamata. Akaiita Fifi. Februari 9, 1916, Hedwig nayo ikazamishwa.

Baada ya hapo Götzen ikatokea, ikimtafuta mwenzake. Askari wake walitaka kutoka kupigana. Yeye akakataa. Wengi wanamwita mwoga kwa siku ile. Sisi hatukubali. Götzen wakati ule ilibeba mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyofia Rufiji. Mashua za mita 12 zingekuwa kuni. Kosa lake lilikuja baadaye. Mzinga ule mkubwa uliondolewa kupelekwa kwa vita vya nchi kavu, wakafunga wa mbao mahali pake, na yeye hakwenda kutazama. Juni, kule Bismarckburg, Kasanga ya leo, alirudi nyuma kwa kuogopa ngome, na Wajerumani wakaponyoka majini.

Watu wanauliza: lau angeivamia Götzen na kushindwa, ziwa lingebaki la Wajerumani? Tunafikiri hapana. Wakati yeye anangoja, brigedi ya Olsen ilikuwa imevuka Ruzizi, hapa chini yetu, ikapita Ruanda na Urundi kwa miguu, na wapagazi nyuma yake. Julai 1916 ikaingia Kigoma. Wajerumani walipoona askari wanakaribia kwa nchi kavu, waliizamisha Götzen wenyewe, tarehe 26. Injinia wao Rüter alipaka masini grisi nzito kwanza, akiwa na tumaini la kurudi.

Spicer-Simson alirudi kwao mgonjwa, akapewa medali za Uingereza na Ubelgiji, lakini hakupewa meli tena. Mwaka 1919 akawa Paris kwenye mkutano wa amani, mjumbe wa jeshi la majini na mkalimani wa Kifaransa. Mkataba wa Versailles ukaikataza Ujerumani nyambizi, na manowari mpya isizidi tani 10,000. Wajerumani wakajibu kwa kalamu na rula: mwaka 1931 wakashusha Deutschland, mizinga mikubwa ya sentimita 28 ndani ya mwili mdogo, tani 10,000 kwenye karatasi, zaidi ya hapo majini. Mchimbaji aliyewahi kutazama mzani wa mnunuzi haitaji kufafanuliwa. Mwaka 1935 Uingereza yenyewe ikawaruhusu kuwa na jeshi la majini la asilimia 35 ya lile lake.

Yeye hakuwa tena na neno katika hayo. Tangu 1921 mpaka 1937 alikuwa Monaco, katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya ramani za bahari. Alirudi kwenye kupima, kazi aliyoijua tangu Yangtze na Gambia. Alikufa Januari 1947 British Columbia, Canada, nchi ya mke wake.

Götzen ilikaa chini ya maji mpaka Waingereza walipoiinua mwaka 1924. Grisi ya Rüter ilikuwa imelinda masini. Mwaka 1927 ikaanza tena kupakia watu na samaki, kwa jina la Liemba, na ilikuwa bado inasafiri Spicer-Simson alipozikwa.