Tippu Tip: wali wa mshahara, mfanyabiashara wa pembe na mwenye shamba

Mfanyakazi anayetaka kuanzisha mradi wa pembeni huwaza kwanza mtaji. Ni jambo la lazima, lakini katika historia ya Tabora na njia ya zamani ya misafara yupo mtu aliyekuwa na mtaji, wateja na jina kubwa, na bado akafunguliwa kesi kwa sababu ya kazi ya tatu aliyoibeba juu ya nyingine mbili. Huyo ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip.

Alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa bara na alikuwa na makazi yake Ituru, karibu na Tabora. Huko alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Ndoa hiyo ilimpa heshima na ulinzi ambao mgeni wa kawaida asingeupata kwa urahisi.

Waarabu wa Tabora hawakutegemea pembe za ndovu peke yake. Kuzunguka tembe zao walilima mpunga, ngano, vitunguu na miembe. Msafara kutoka pwani ulichukua kama miezi mitatu kufika, na ukichelewa au vita vikifunga njia, watu wa nyumbani walipaswa kula. Wanyamwezi nao walifanya hivyo hivyo kwa namna yao. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 au zaidi hadi pwani wakati wa kiangazi, lakini mvua zilipokaribia alitaka kuwa kwake ashike jembe. Wenye misafara walilalamika sana kuhusu tabia hiyo, ingawa mpagazi ndiye aliyekuwa na hesabu nzuri zaidi: kazi zake mbili hazikugombea msimu mmoja.

Hamed alianza na kitu kidogo. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi alifuatana na ndugu na wajomba zake katika safari fupi, akifanya biashara ya sandarusi, utomvu mgumu uliochimbwa ardhini karibu na pwani na kuuzwa Ulaya na Marekani kwa kutengenezea vanishi. Hakuwa na faida ya kutisha, lakini alijifunza kupima, kufunga mizigo na kukaa na watu. Alipokua, alikwenda Tabora na baba yake. Mzee akataka kumtuma ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na bidhaa, ila akaziweka chini ya usimamizi wa mtu mwingine. Kijana alikataa katakata. Ama akabidhiwe mali na lawama zote, ama asiende. Akakabidhiwa.

Huko Urua wenzake waligombania pembe kubwa, ambazo bei yake ilikuwa juu. Yeye alinunua pembe ndogo zilizokuwa rahisi. Ni uamuzi unaostahili kutazamwa na kila anayetaka kufungua duka la tano la bidhaa ile ile katika mtaa mmoja.

Baadaye mtaji wake ulitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, hasa Taria Topan. Mkopo ulikuwa wa bidhaa: merikani, kaniki, shanga, na pia bunduki na baruti. Mkopaji aliondoka navyo akarudi baada ya miaka na pembe. Njiani palikuwa na hongo ya kulipa kwa kila mtawala, na kuanzia 1871 palikuwa na vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora. Mwenye deni alilazimika kuwa mvumilivu, na mwenye kudai pia. Safari aliyoianza mwaka 1870 ilimrudisha pwani mwaka 1882 tu. Wakati wa kurudi alifanya urafiki na Mirambo, na shehena yake ikapita.

Lakini utajiri huo usipambwe. Mwaka 1867 alimshinda kwa bunduki mtawala Nsama wa Itabwa na kuchukua akiba yake ya pembe. Huko Manyema watu wake walichoma vijiji na kuteka watu, na mateka wakabebeshwa mizigo au kuuzwa. Sehemu kubwa ya faida ya biashara hii ilitokana na gharama ambayo mfanyabiashara hakuilipa yeye. Aliilipa mwanakijiji.

Februari 1887 ndipo alipojaza mikono kupita kiasi. Alikuwa Unguja, na Henry Morton Stanley alifika akielekea kumwokoa Emin Pasha. Tippu Tip alikubali kuwa wali wa Stanley Falls, ambapo leo ni Kisangani, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mkataba ulimruhusu kuendelea na biashara yake binafsi. Hapo tayari ni mtumishi wa serikali mwenye mradi wa pembeni, tena mradi uliouzidi mshahara mara nyingi. Juu ya hayo akaahidi kumpatia Stanley wapagazi 600.

Kila kazi ilidai watu wale wale. Wali alihitaji watu wa kulinda kituo, mfanyabiashara alihitaji wa kukusanya pembe, na msafara ulihitaji wa kubeba mizigo. Wapagazi hawakufika kwa wakati. Tippu Tip alisema baruti aliyoahidiwa haikuletwa, na watu wake hawakuwa tayari kwenda bila hiyo. Juni 1888 ndipo Meja Barttelot, aliyeachwa nyuma na Stanley, alipopata zaidi ya 400, na mwezi uliofuata Barttelot akauawa kwa risasi na mmoja wa wapagazi hao.

Stanley aliporudi Unguja alimfungulia kesi ya madai ya pauni 10,000, na fedha za Tippu Tip zilizokuwa mikononi mwa wakala wake wa Kihindi zikazuiwa. Habari ilimkuta ndani kabisa ya Kongo. Ilimbidi aache kituo na ghala aende kujitetea. Njiani aliugua akalala Tabora, mji ambao baba yake alikuwa amechagua kutulia badala ya kufukuzia pembe hadi mwisho wa dunia. Alifika Unguja mwaka 1891. Kesi ile haikufika mbali, lakini hakurudi tena Manyema. Mwaka 1892 vita vilizuka kati ya Dola ya Kongo na Waarabu wa huko. Mwanawe Sefu alifariki mwaka 1893, na biashara iliyojengwa kwa zaidi ya miaka 20 ikaisha.

Kilichobaki ni kile kilichokuwa cha pembeni siku zote: mashamba ya Unguja. Ndiyo yaliyomtunza uzeeni, naye akapata wasaa wa kuandika maisha yake kwa Kiswahili, maandishi ambayo Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha. Mashamba hayo nayo yalitegemea mikono ya watumwa, na mwaka 1897 Sultani alitia saini amri iliyofuta utumwa kisheria Unguja na Pemba. Wenye mashamba wa visiwani wakaanza kujadiliana na wafanyakazi kuhusu siku za kazi, ujira na kipande cha ardhi, mambo ambayo wengi wao hawakuwahi kuyaweka katika hesabu.

Tippu Tip alifariki Unguja Juni 1905. Miaka saba baadaye reli ya Wajerumani ilifika Tabora, na mzigo uliochukua miezi mitatu kichwani ukaanza kufika pwani kwa siku chache.