Xenophon, mwanajeshi aliyefunza ulimwengu kupanda farasi kwa upole

Anayetaka kujifunza upandaji farasi vitabuni aghalabu huelekezwa kwanza kwa mtu aliyefariki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita.

Xenophon alizaliwa Athens, Ugiriki, karibu mwaka wa 430 Kabla ya Kristo (KK), katika familia yenye mali. Ujanani aliandamana na mwanafalsafa Socrates. Mnamo 401 KK alijiunga na Wagiriki wapatao 10,000 waliokodiwa na mwanamfalme Cyrus wa Uajemi, aliyetaka kumpindua nduguye. Cyrus aliuawa vitani, makamanda wa Wagiriki wakauawa kwa hila, na Xenophon akawa miongoni mwa waliochaguliwa kuwarejesha askari kwao.

Ili kuwatia moyo, aliwaambia kwamba hakuna aliyewahi kufa vitani kwa teke la farasi. Haukupita muda, wapanda farasi wa Uajemi wakawatesa kwa mishale, nao Wagiriki wasiweze kuwafikia kwa miguu. Xenophon hakuona haya kugeuza shauri. Farasi wa mizigo walikusanywa, kikaundwa kikosi cha wapanda farasi 50 hivi.

Baadaye Athens ilimfukuza, naye akaishi miaka mingi Scillus, karibu na Olympia, katika shamba alilopewa na Wasparta. Mwanawe, Gryllus, alifia vitani Mantinea mnamo 362 KK, akipigana juu ya farasi.

Kitabu chake cha upandaji farasi aliwaandikia rafiki zake vijana. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma cha Simon, Mwathene aliyemtangulia, na hakuficha deni hilo. Alitaka tu kujaza yaliyoachwa. Mnunuzi, asema, aanze kukagua kwato, maana farasi wa kwato mbovu ni nyumba isiyo na msingi. Asimkaribie kamwe akiwa na hasira. Farasi akishtushwa na kitu, asichapwe, kwa kuwa atadhani maumivu yanatoka kwa kile anachokiogopa. Haya yaliandikwa wakati Wagiriki wakipanda bila vikuku vya kutilia miguu, na anguko lilikuwa jambo la kila siku!

Xenophon alifariki karibu mwaka wa 354 KK. Si wote waliomfuata waliozingatia upole huo: kitabu cha Federigo Grisone wa Naples, kilichochapishwa 1550, kimejaa adhabu kali. Mfaransa La Guérinière, katika chake cha 1733, alirejea njia ya utulivu, na ndicho ambacho shule mashuhuri ya farasi ya Vienna hukitegemea.