Mtakatifu Augustino na Kazi ya Kusema

Wako watu wengi wapatao riziki yao kwa kusema. Mwalimu darasani, mwanasheria mahakamani, mwuguzi kando ya kitanda cha mgonjwa, mwenyekiti wa chama cha ushirika, katekista kijijini: wote hao kazi yao huharibika wasipojua kusema na watu. Kwa hiyo wengi hutamani kusifiwa kuwa wasemaji hodari. Lakini sifa ya msemaji ni jambo moja, na faida ya msikilizaji ni jambo jingine. Aliyeyajua yote mawili, kwa kuwa aliishi kwa kusema tangu ujana hata uzee, ni Mtakatifu Augustino wa Hippo.

Alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika Thagaste, mji mdogo wa Afrika ya Kaskazini, ambao leo uko katika nchi ya Algeria. Baba yake hakuwa tajiri, lakini alijinyima mengi ili mwanawe apate elimu ya ufasaha, kwa maana siku zile katika dola ya Roma elimu hiyo ndiyo iliyowafungulia vijana mlango wa mahakama na wa vyeo. Augustino alisoma Carthage, kisha akafundisha huko huko. Wanafunzi wake walikuwa watu wa fujo. Mwaka 383 akahamia Roma. Huko wanafunzi walikuwa na adabu, ila siku ya kulipa ada ilipokaribia walimkimbia mwalimu wao na kwenda kwa mwingine.

Mwaka 384 mji wa Milan, alikokaa Kaisari, ulitaka mwalimu wa ufasaha. Symmachus, liwali wa mji wa Roma, alimpima Augustino kwa hotuba, akampeleka. Hivyo, akiwa na umri wa miaka 30, alishika cheo walichokitamani walimu wengi. Kazi yake mojawapo ilikuwa kumsifu Kaisari hadharani. Siku moja, alipokuwa akitayarisha hotuba ya namna hiyo, akijua kwamba atasema uongo mwingi, na kwamba watakaomshangilia watajua vilevile kuwa ni uongo, alimwona njiani maskini mwombaji aliyekwisha kunywa, anacheka na kufanya mzaha. Augustino akahuzunika, kwa kuwa mwombaji yule alikuwa na raha kuliko yeye.

Katika mji huo huo alihubiri Askofu Ambrosio. Augustino alikwenda kumsikiliza, si kwa ajili ya mafundisho, bali apime ufasaha wake, kama fundi apimavyo kazi ya fundi mwenzake. Lakini maneno yalipoingia masikioni, maana yake nayo iliingia moyoni. Mwaka 386 akaacha ualimu ule, akabatizwa usiku wa Pasaka mwaka 387, na mwaka uliofuata akarudi Afrika.

Mwaka 391 alipewa upadre katika Hippo. Askofu Valerio alikuwa Mgiriki, naye hakuwa mwepesi wa Kilatini. Basi akamkabidhi Augustino kazi ya kuhubiri, ijapokuwa katika Afrika haikuwa desturi padre kuhubiri mbele ya askofu. Mtu huyo, aliyekwisha kuwafundisha wengine ufasaha, hakuona kwamba ulimi wake unatosha. Aliomba kwanza apewe muda wa kuyasoma Maandiko.

Karibu mwaka 400, Augustino akiwa sasa askofu, shemasi mmoja wa Carthage jina lake Deogratias alimlalamikia kwamba mafundisho anayowapa wageni wa dini yanamchosha hata yeye mwenyewe. Augustino alimjibu kwa kitabu kizima. Alimwambia kwamba yeye naye huchukizwa na hotuba zake karibu kila mara, kwa sababu wazo humjia mtu kama umeme, na ulimi hufuata nyuma polepole. Alimshauri amjue kwanza anayesema naye. Asiseme na mtu asiye na elimu kama asemavyo na msomi. Aulize maswali ili ajue kama ameeleweka. Akiona msikilizaji anapiga miayo, abadili maneno, au ampe kiti akae. Na kupita yote, aseme kwa furaha.

Jaribu kubwa lilimkuta mwaka 418 katika mji wa Caesarea, uitwao leo Cherchell. Watu wa mji ule walikuwa na desturi mbaya. Kila mwaka, kwa siku kadhaa, walijigawa makundi mawili wakapigana kwa mawe, ndugu kwa ndugu, baba kwa mwana, hata kuuana. Augustino akasimama kusema nao. Wakamshangilia. Lakini yeye hakuona kwamba ameshinda, kwa maana makofi yalionyesha tu kwamba wamependa hotuba yake. Akaendelea kusema mpaka alipoona machozi yao. Ndipo akajua kwamba wamegeuka. Alipoandika habari hiyo, miaka minane na zaidi ilikwisha pita, na vita vile vilikuwa havijarudi.

Aliiandika katika kitabu kile kile alimofundisha kwamba maisha ya msemaji yana uzito kuliko ufasaha wake. Alifariki tarehe 28 Agosti 430, Wavandali walipokuwa wameuzingira mji wa Hippo.

Yafaa basi kila mtu mwenye kazi ya kusema ajitayarishe, ajifunze lugha yake vizuri, na kuyajua barabara mambo atakayoyasema. Hayo yote ni haki ya msikilizaji. Lakini mkutano ukiisha, asijiulize kama amesifiwa. Ajiulize kama mgonjwa amejua namna ya kutumia dawa, kama mwanafunzi ameelewa hesabu, kama wagomvi wamepatana. Hapo ndipo atakapojua kama amesema vema.