Saint Paul-Illaire: Mwanasarufi Aliyesalia katika Ua

Wanafunzi wa Kiswahili wanapoulizwa ni wageni gani walioiandikia lugha hii sarufi katika karne ya 19, aghalabu huwataja Krapf, Steere na Taylor. Walter von Saint Paul-Illaire hatajwi. Hata hivyo jina lake limetamkwa na watu wengi kuliko majina ya hao watatu yakijumlishwa, maadamu kwa zaidi ya miaka mia moja limekuwa jina la ua dogo la zambarau linalopandwa vyunguni na kuwekwa madirishani, huko Ulaya, Marekani na hata hapa Nairobi. Makala haya yanayasimulia maisha ya mtu huyo, na hasa safari ya ua hilo kutoka msituni, kwani hapo ndipo inapodhihirika nani aliyekuwa na nguvu ya kutia vitu majina katika zama zile.

Alizaliwa Berlin mwaka 1860 katika ukoo wa makabaila. Baba yake, Ulrich, alikuwa mpenzi mkubwa wa miti na mimea, na shamba lake lilikuwa Fischbach katika jimbo la Silesia. Yamkini mwana alijifunza kuitazama mimea kwa makini akiwa angali mtoto katika bustani hizo. Katika miaka ya 1880 alifika pwani yetu akiitumikia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1888 kampuni hiyo ilipoanza kutawala miji ya Mrima, wenyeji waliinuka chini ya Abushiri bin Salim, naye Abushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Msomaji wa fasihi anavijua vita hivyo kupitia utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy kuhusu Wadachi kuitamalaki Mrima.

Mwaka 1890, majeraha ya vita hivyo yakiwa hayajapona, Saint Paul-Illaire alichapisha kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili, Suaheli Handbuch. Kilitoka katika mfululizo wa vitabu vya kiada vya Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin, chuo kilichoanzishwa mwaka 1887. Wengi waliofundishwa Kiswahili chuoni humo walikuwa wakiandaliwa kuja kutawala. Hemedi na Saint Paul-Illaire walikuwa wakiishughulikia lugha ile ile kwa wakati mmoja, huyu akiitungia kumbukumbu ya kushindwa, yule akiiandalia wanafunzi wa washindi. Sidai kwamba sarufi yake ni mbovu kwa sababu hiyo. Naomba tu kwamba tunapoiorodhesha katika historia ya isimu ya Kiswahili, tuiweke kando ya utenzi ule, visomwe pamoja.

Serikali ya Ujerumani ilipoichukua koloni kutoka kwa kampuni mwaka 1891, Saint Paul-Illaire alifanywa mkuu wa wilaya ya Tanga, cheo alichokishika kwa miaka mingi. Nyuma ya Tanga inainuka milima ya Usambara. Upande wake wa mashariki unapokea mvua zitokazo Bahari ya Hindi, na misitu yake ina mimea mingi isiyopatikana penginepo duniani.

Aliliona ua lake katika mahali pawili. Pa kwanza palikuwa karibu na mji wa Tanga, katika nyufa za mawe ya chokaa yaliyofunikwa na miti. Pa pili palikuwa juu zaidi, ndani ya msitu mkuu wa Usambara. Mtembezi asiyelijua anaweza kulipita bila kuliona. Majani yake manene yenye manyoya mafupi hujipanga kwa duara, karibu yamelala juu ya jiwe. Ua lina ndimi tano, mbili za juu zikiwa ndogo kuliko tatu za chini, na katikati mna vifuko viwili vya chavua vya rangi ya manjano iliyokolea. Ukiinama zaidi utaona kijiti chembamba cha kike kimepinda kushoto, na katika ua jingine kimepinda kulia, kana kwamba maua hayo mawili yanajitazama kiooni. Mizizi yake haiendi mbali. Hushika udongo kiduchu na kuvu za mawe penye kivuli na unyevu. Kwa hiyo anayelitafuta kwanza hutafuta mahali pake: jabali, kijito, miti mikubwa iliyokutana juu. Ua huja baadaye.

Saint Paul-Illaire alimpelekea baba yake mmea huo, na baba akamwonyesha Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliutangaza kuwa jenasi mpya, akauita Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ilimheshimu baba pamoja na mwana. Ya pili imetoka katika Kiyunani, na maana yake ni ua lifananalo na urujuani wa Ulaya, ingawa mimea hiyo miwili haina udugu wowote. Mwaka huo huo ua lilionyeshwa katika maonyesho ya bustani mjini Ghent, Ubelgiji, na kampuni ya mbegu ya Benary ya Erfurt ikaanza kulifanyia biashara.

Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili atalifurahia. Saint Paul-Illaire hakuwa mgeni wa kwanza kuuchuma mmea huu. John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, alipeleka sampuli yake Kew mwaka 1884, na mwaka 1887 alifuatwa na William Ernest Taylor. Naam, ni yule yule Taylor wa mkusanyo wa methali wa 1891, aliyezihifadhi tungo za Muyaka bin Haji! Sampuli zao hazikutosha kwa wataalamu kuutambulisha mmea. Wasomi wawili wa Kiswahili, basi, waliliinamia ua moja, mmoja akakosa jina na mwingine akalipata. Tofauti nyingine kati yao naiona kuwa nzito zaidi. Taylor alifanya kazi ya tungo pamoja na Mwalimu Sikujua, na jina la mwalimu huyo tunalijua hadi leo. Katika simulizi la ua la Usambara hakuna Msambaa wala Mbondei anayetajwa, ilhali msitu ulikuwa wao na njia zake walizijua wao.

Mwaka 1893 ulikuwa pia mwaka ambao ujenzi wa reli ulianzia Tanga kuelekea Usambara, na mashamba ya kahawa yakawa yanaingia milimani. Miti ikikatwa jua hulifikia jabali, unyevu hukauka, na mmea huu hufa. Mingi ya jamaa zake sasa imo hatarini kutoweka makwao, huku vyunguni ikiongezeka.

Saint Paul-Illaire alifia Berlin mwaka 1940. Mwaka 2015 wanabotania, baada ya kuchunguza nasaba ya mimea hii, waliiingiza katika jenasi ya Streptocarpus, na ua lake sasa huitwa rasmi Streptocarpus ionanthus. Jina la ukoo wake limeshushwa kuwa la kitengo tu ndani ya jenasi hiyo. Wauzaji wa maua hawajalijali badiliko hilo.

Anayetaka kuona jamaa wa ua hilo bila kuvuka mpaka na apande msitu wa Mbololo huko Taita, ambako kuna aina isiyopatikana kwingineko. Aende na mwenyeji, amuulize jina la kila mmea wanaoupita, na aliandike jina la mwenyeji huyo pia.