Antonia Maury, mwanamke aliyetambua nyota mbili ndani ya mwanga mmoja

Antonia Maury alizaliwa tarehe 21 Machi 1866 katika jimbo la New York, Marekani. Mjomba wake, daktari Henry Draper, ndiye mtu wa kwanza kupiga picha ya mistari iliyo katika mwanga wa nyota, mwaka wa 1872. Draper alipofariki, mjane wake alitoa pesa ili kazi hiyo iendelee katika kituo cha kuchunguza nyota cha chuo kikuu cha Harvard. Antonia aliingia huko mwaka wa 1888, akiwa tayari na diploma ya chuo cha Vassar. Wanawake wa kituo hicho walilipwa kama senti 25 kwa saa, chini ya wanaume.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kioo cha pembe tatu kikiwekwa mbele ya darubini, mwanga wa nyota hutawanyika kama upinde wa mvua wenye mistari myeusi. Nyota ikitukaribia, mistari husogea upande wa bluu. Ikienda mbali, husogea upande wa nyekundu. Sasa, nyota mbili zikizungukana karibu sana, darubini huonyesha moja tu. Lakini mistari haidanganyi: siku moja iko mmoja mmoja, siku nyingine imegawanyika miwili miwili.

Mkubwa wa kituo, Edward Pickering, aliona jambo hilo kwa nyota Mizar. Antonia alishughulika na hesabu za mzunguko wake. Kwanza zilipatikana siku 104. Baadaye wengine walipata siku 20 na nusu hivi. Mnamo 1889, Antonia mwenyewe akagundua nyota ya pili ya namna hiyo, Beta Aurigae, inayozunguka kwa muda usiofika siku 4.

Pickering ndiye aliyetangaza, na Antonia alitajwa kidogo tu, kama mpwa wa Draper. Alikasirika, na haki ilikuwa yake. Akaacha kazi, akaenda kufundisha shuleni, akakataa kukabidhi utafiti wake bila jina lake kuandikwa. Mwaka wa 1897 orodha yake ya nyota 681 ilitoka ikiwa na jina lake kwenye ukurasa wa kwanza. Kabla yake, hakuna mwanamke wa kituo hicho aliyekuwa amepata hilo.

Ndani yake alikuwa ametenga, kwa herufi c, nyota zenye mistari myembamba. Pickering hakuona faida yake. Lakini Ejnar Hertzsprung, wa Denmark, alionyesha mwaka wa 1905 kwamba hizo ni nyota kubwa mno, zenye mwanga mkali kupita nyingine za rangi ileile. Mwaka wa 1922 wanasayansi wa dunia waliikubali alama hiyo.

Antonia alirudi Harvard mwaka wa 1918. Alichunguza nyota pacha Beta Lyrae kwa miaka mingi, akachapisha matokeo mwaka wa 1933. Alifariki tarehe 8 Januari 1952, akiwa na miaka 85.