Carey Francis: Mkuu wa Alliance aliyemalizia ualimu Pumwani

Mwaka 1962, Edward Carey Francis alikuwa amekaribia umri wa miaka 65, na miaka 22 ya mwisho alikuwa mkuu wa Alliance High School huko Kikuyu, shule ya Waafrika iliyokuwa na sifa kuliko zote nchini Kenya. Mzungu wa umri wake na cheo chake alitazamiwa kufunga mizigo, kupewa karamu ya kuagwa, na kupanda meli Kilindini kurudi kwao. Yeye aliondoka Kikuyu akaenda kufundisha katika shule ya sekondari ya Pumwani, upande wa mashariki wa Nairobi. Hakwenda kuwa mkuu. Alikwenda kuwa mwalimu wa kawaida, chini ya mkuu mwingine.

Pumwani si jina geni kwa msomaji wa Mombasa au Lamu. Ni mtaa uliopangwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, Waafrika wa vijiji vya zamani vya mjini walipotakiwa wahamie mahali pamoja. Majina ya upande ule yanamwonjesha mtu wa pwani ladha ya kwao: Majengo, Pangani, Kaloleni, Shauri Moyo. Hata nyumba za Majengo zilijengwa kwa namna ya pwani, vyumba huku na huku na ukumbi katikati, na wenye nyumba wengi walikuwa Waislamu. Kulikuwa na msikiti, vyuo vya Kurani na maulidi. Mkikuyu au Mkamba aliyesilimu pale alipata jina jipya, akavaa kanzu na kofia, akasema Kiswahili, na baada ya muda akaitwa Mswahili. Jambo hilo la jina na vazi tuliweke akilini, maana ndilo litakalotusumbua katika habari za Bwana Francis.

Alizaliwa London mwaka 1897. Katika vita vya kwanza vya dunia alikuwa afisa wa kikosi cha mizinga. Vita vilipokwisha alisoma hisabati Cambridge, akafaulu vizuri mno, akafanywa mwalimu wa chuo cha Peterhouse hapo hapo Cambridge. Hicho ni kiti ambacho mtu akikipata hakiachi mpaka uzeeni. Francis alikiacha mwaka 1928, akajiunga na misheni ya CMS, akaja Maseno karibu na Kisumu kuwa mkuu wa shule ya wavulana. Hakuoa. Alikaa Maseno mpaka 1940 alipoitwa Alliance.

Wakati alipofika nchini, kanisa na mila zilikuwa karibu kuvaana. Mwaka 1929 misheni za Kikuyuni ziliwataka waumini na walimu wao waape kuacha kuwatahiri wasichana, na aliyekataa alifukuzwa. Watu walitoka makanisani kwa wingi, wakajenga shule zao wenyewe na makanisa yao wenyewe. Francis alikuwa mbali, Maseno, na hakuwa na mkono katika shauri lile. Hata hivyo Alliance aliyokuja kuiongoza ilikuwa imejengwa pale pale penye kidonda, jirani na misheni ya Waskoti ya Thogoto.

Shule yake ilikuwa ya amri. Wanafunzi walivaa kaptula za kaki, na mwenyewe naye alivaa kaptula. Ibada kila siku, kazi za mikono, mpira, na fimbo kwa mkosaji. Kila mwaka ulichezwa mchezo mmoja wa Shakespeare. Ngoma za makwao wale vijana hazikupewa heshima kama hiyo. Hapana shaka aliwapenda wanafunzi wake. Aliajiri walimu Waafrika waliotoka Makerere akataka waheshimiwe sawa na Wazungu, jambo lisilokuwa la kawaida Kenya ya siku zile. Katika hali ya hatari iliyotangazwa 1952 alipinga vikali kiapo cha Mau Mau, na pia alilalamika juu ya ukatili wa askari wa serikali. Lakini swali kama Mungu aliwahi kuzungumza na babu za vijana hao kabla ya meli ya misheni kufika, hilo halikuwa katika masomo ya Alliance.

Waliopita mikononi mwake ni wengi. Ronald Ngala, Mgiriama aliyekuja kuwa kiongozi mkuu wa KADU, alisoma Alliance. Charles Njonjo vile vile. Serikali ya kwanza ya uhuru ilijaa watu wa Alliance, na kwa hiyo wako wanaomwita Francis fundi aliyewachonga watawala wa Kenya. Sifa hiyo ni ya kweli, ingawa kwa maoni yangu si hiyo inayomfanya astahili kukumbukwa. Kujaza baraza la mawaziri ni kazi ya shule yoyote inayochagua wanafunzi bora wa nchi nzima.

Kinachostahili kukumbukwa ni kule kwenda kwake Pumwani. Kikuyu alikuwa juu ya kilima, na wanafunzi wake walitengwa na mji kwa makusudi. Pumwani mji ulikuwa mlangoni. Watoto wa pale hawakuwa wamechujwa kutoka kila wilaya. Walikuwa watoto wa makuli, wapishi, wauza samaki na wanawake waliojenga nyumba kwa jasho lao. Adhana ilisikika, na kengele ya kanisa ilisikika. Mwalimu aliyekuwa amezoea kuwa mkuu katika shule ya Wakristo watupu, sasa alikuwa mgeni katika mtaa wa Waislamu, akifundisha hesabu.

Na lugha ya kanisa katika mitaa ile ilikuwa Kiswahili. Hapa pana jambo ambalo watu wa pwani huliona upesi kuliko wa bara. Biblia ya Kiswahili iliyounganisha tafsiri ya Unguja na ile ya Mombasa ilitoka kamili mwaka 1952, na ukiifungua utakuta dhambi, imani, toba, rehema, sala na malaika, maneno ambayo Kiswahili kilikuwa kimeyapata kutoka Kiarabu na Uislamu karne nyingi kabla ya Krapf kutia mguu Mombasa mwaka 1844. Kwa hiyo kanisa lililoogopa mila za Mkikuyu na Mjaluo lilihubiri kwa maneno yaliyolelewa msikitini, na hakuna aliyeona ajabu. Kumbe dini inaweza kuazima nguo ya jirani bila kuangamia.

Francis alifariki ghafla tarehe 27 Julai 1966, akiwa bado mwalimu wa Pumwani. Alikuwa na umri wa miaka 68.

Mjadala ambao yeye hakuufungua ulifunguliwa na wanafunzi wake. Jaramogi Oginga Odinga, aliyemjua Francis tangu Maseno, aliyaacha majina ya Obadia Adonija aliyobatizwa nayo, na wanawe akataka wabatizwe kwa majina ya Kijaluo, jambo lililomletea mvutano na mchungaji. Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma Alliance kuanzia 1955 mpaka 1958 akiitwa James Ngugi. Mwaka 1970 alihutubia mkutano wa Kanisa la Presbyterian jijini Nairobi, akawaambia wazee wa kanisa kwamba yeye si Mkristo, na akalilaumu kanisa kwa kudharau utamaduni wa Mwafrika. Mzee mmoja akasimama kwa hasira akamwuliza kama si Mkristo, jina la James analibebea nini. Ngũgĩ alilitafakari swali hilo akaona mzee amesema kweli, naye akaliacha jina. Mkikuyu wa Majengo aliyesilimu zamani akaitwa Juma angelielewa shauri hilo vizuri sana, pengine kuliko wote waliokuwa mkutanoni.

John Mbiti wa Kitui naye alipita Alliance, lakini alishika njia nyingine. Alibaki kanisani, akawa kasisi wa Kianglikana na mwanachuoni wa dini. Akiwa mwalimu Makerere alitoa kitabu chake mashuhuri mwaka 1969, miaka mitatu baada ya kifo cha Francis, akieleza kwamba Waafrika walikuwa watu wa dini tangu asili na kwamba Mungu waliyemwomba ndiye yule yule anayehubiriwa na Biblia. Wamisionari, kwa maelezo ya Mbiti, hawakumleta Mungu Afrika. Mungu ndiye aliyewaleta wao. Alifariki 2019. Miaka mitano kabla ya hapo, akiwa na umri wa miaka 82, alikuwa amemaliza kuitafsiri Injili na Agano Jipya lote peke yake, kutoka Kiyunani mpaka Kikamba cha mama yake.