Siti binti Saad: Mchuuza Vyungu Aliyejijengea Jina



Kamati ilipokaa kupanga kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, lilitoka wazo kwamba tuweke habari za mwanamke mmoja aliyeanza biashara bila kitu na jina lake likawa kubwa. Walitajwa wa Ulaya, wakatajwa wa Marekani. Mimi nikasema, jamani, mbona tunakwenda mbali? Yupo wa hapa hapa kwetu.

Kisa chenyewe kinatuhusu sana. Wengi wetu hatuna nyumba ya kuweka rehani. Mama akija kuomba mkopo hatuulizi ana mali gani. Tunauliza huyu ni nani, nani anamjua na nani atamdhamini. Jina lake ndilo dhamana. Sasa tumtazame mwanamke aliyezaliwa hata jina hana.

Bi Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake Saad alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu wa shamba wasio na kitu. Unguja ilikuwa bado nchi ya utumwa, maana utumwa ulipigwa marufuku huko mwaka 1897. Mtoto yule wa kike aliitwa Mtumwa. Hebu fikiria unaitwa hivyo kila siku, unaitikia, na jirani anakutuma dukani kwa jina hilo.

Kazi aliyoikuta nyumbani ni ufinyanzi. Alijifunza kufinyanga vyungu, akavipeleka mjini kuvichuuza. Ni mwendo wa kweli kutoka Fumba mpaka mjini, mzigo kichwani, na chungu ukikidondosha hukiokoti tena. Inasimuliwa kwamba alikuwa akinadi bidhaa yake kwa sauti nzuri, hata watu wakajua leo mwenye vyungu kaja kabla hawajamwona. Wanaochuuza vitumbua na samaki asubuhi wananielewa. Mteja huizoea sauti yako kwanza, jina analiuliza baadaye.

Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Hapo ndipo penye somo ambalo naona wengi hulipita haraka. Watu husema Siti alijaliwa sauti, basi, yamekwisha. Sikubali. Sauti alikuwa nayo tangu Fumba na haikumpa kitu. Alipofika mjini alikubali kuwa mwanafunzi, tena si msichana mdogo tena. Alifundishwa muziki na Ali Muhsin, mtu wa kile chama cha taarab cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905. Kusoma na kuandika hakujua, lakini alizishika kichwani kasida za Kiarabu mpaka wenye lugha yao wakastaajabu. Aliweka msingi kwanza, halafu ndipo akaenda sokoni.

Jina nalo likabadilika. Akaanza kuitwa Siti, yaani bibi, mwanamke mheshimiwa. Inasemekana alipewa na mtu mkubwa wa mjini aliyependezwa na uimbaji wake. Lakini angalieni jambo moja: hakuitupa sehemu ya pili. Alibaki binti Saad, binti wa yule Mnyamwezi wa shamba, mpaka mwisho wa maisha yake. Kumbe mtu anaweza kupanda bila kuwaficha waliomzaa!

Wasiompenda hawakukosa, kama ilivyo kawaida mtu akianza kuinuka. Walimtungia wimbo wa kumkashifu, kwamba alikuja mjini amevaa kaniki, leo anajiona mtu. Na sura yake pia waliisema. Angeweza kuona haya akarudi shamba, au akatukana na yeye. Alijibu kwa wimbo, bila tusi hata moja. Maana yake kwa ufupi ni kwamba uzuri wa uso na ukubwa wa ukoo si kitu, aliyepata hasara ni yule asiye na akili. Wimbo wa watukanaji tunaukumbuka leo kwa sababu ya jibu lake tu.

Jambo jingine ni kwamba hakufanya kazi peke yake. Alikuwa na wenzake, akina Subeti, Buda, Mbaruk na Maalim Shaaban, na nyumbani kwake Ng'ambo ndipo walipokutana kufanya mazoezi. Na taarab, ambayo ilikuwa imezoeleka kwa Kiarabu kwenye majumba ya wakubwa, wao wakaiimba kwa Kiswahili, lugha ya muuza ndizi na mpagazi wa bandarini. Waliimba mambo yanayotokea mitaani. Upo ule wimbo wa Kijiti, unaohusu mwanamke mgeni aliyeuawa. Muuaji alitoroka na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliofungwa. Mahakamani hayo yalikwisha zamani, lakini kwa wimbo ule watu waliendelea kuijua kesi. Kwa hiyo jina la Siti halikuwa la mburudishaji tu. Mnyonge akidhulumiwa, walijua yuko mtu wa kulisema.

Mwaka 1928 ndipo jina likavuka bahari. Kampuni ya santuri ya HMV iliwachukua Bi Siti na wenzake mpaka Bombay, India, wakarekodi. Zilikuwa miongoni mwa santuri za kwanza kabisa za Kiswahili. Siku zile mwanamke kupanda meli kwenda kufanya kazi ya kuimba si jambo dogo, na maneno lazima yalikuwepo. Santuri zile ziliuzwa mno, mtu hakuhitaji tena kufika Unguja ili amsikie. Pwani nzima na bara, penye gramafoni mgahawani, watu walijaa barazani kusikiliza. Na haikupita muda kampuni ikawataka tena.

Inasimuliwa pia kwamba alipokuwa akiimba mbele ya wanaume alijifunika buibui. Wako waliosema ni kwa ajili ya sura. Mimi naona alijua anachokifanya. Kazi ya kuimba ilidharauliwa, na yeye alitaka aheshimiwe yeye na kazi yake pamoja. Alikwenda mpaka kwenye majumba ya wakubwa, akarudi Ng'ambo kwa watu wake.

Bi Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na si wengi katika akina mama wa wakati ule waliopata kuandikiwa kitabu kizima kwa Kiswahili. Mwaka 1988 waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, TAMWA, walipoanzisha jarida lao walitafuta jina la kuliita. Wakaliita Sauti ya Siti. Wako kati yetu waliojifunza kusoma ukubwani wakashika magazeti ya namna hiyo mkononi, wakasoma jina la mwanamke ambaye mwenyewe asingeweza kulisoma.